Kutoka Kaseti hadi Faili: Historia Fupi ya Kulinda Nyimbo

Wasomaji waliokua enzi za kaseti watakumbuka vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyokuwa mgongoni mwake, kimoja kwa kila upande. Ukishakivunja, kitufe cha kurekodi kiligoma kubonyezeka. Aliyejuta baadaye alibandika karatasi ya gundi juu ya tundu akarekodi apendavyo. Kaseti hiyo, iliyoonyeshwa na kampuni ya Philips mjini Berlin mwaka 1963, ilimpa mwenye nyimbo uwezo wa kusema: hii imekwisha, isiguswe.

Kabla yake santuri hazikuhitaji kinga ya namna hiyo. Santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 zingeweza kuvunjika au kuchakaa, lakini hakuna ambaye angezibadilisha kwa bahati mbaya akiwa sebuleni kwake. Jina la wimbo nalo lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa katikati, mbali na mifereji ya sauti.

Faili za MP3 zilipoenea katika miaka ya 1990, mpaka huo ulifutika. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni lebo iitwayo ID3, baiti 128 zinazoshonwa mwishoni mwa faili yenyewe. Jina la wimbo lilitengewa herufi 30 tu. Jina refu lilikatwa. Orodha ya kwanza ya aina za muziki ilikuwa na aina 80, na taarab haikuwamo. Matoleo yaliyofuata yaliongeza nafasi, lakini lebo ilibaki ndani ya faili. Kurekebisha herufi moja ya jina ni kuandika upya sehemu ya faili, na baadhi ya programu za kucheza muziki huweza kufanya hivyo zenyewe, bila kuuliza.

Yametukuta. Sisi tunaofundisha Kiswahili Uganda, mbali na pwani, huwasikilizisha wanafunzi lahaja kwa njia ya nyimbo. Msaidizi wetu mmoja, kijana mwenye bidii, aliona majina yenye neno “mato” akadhani ni makosa ya chapa. Akayageuza yote kuwa “macho”, na “ndia” zikawa “njia”. Alikuwa amesanifisha Kimvita na Kiamu kwa alasiri moja! Usiku ule kompyuta ikanakili mabadiliko hayo juu ya nakala ya akiba, kama ilivyoagizwa. Tuligundua baada ya miezi kadhaa, mwanafunzi aliyekuwa akiandika tasnifu ya lahaja alipouliza mbona orodha yake na yetu hazilingani. Tulirudi kwenye kaseti za zamani zilizovunjwa vipande vyake, tukasoma maandishi ya kalamu kwenye majalada. Nyimbo kumi na moja hazikuwa na kaseti. Majina yake ya awali hatuyajui hadi leo.

Kijana hatukumlaumu. Sisi ndio tuliomwachia faili zilizo wazi, na tukaiita nakala ya akiba kitu ambacho kilikuwa kioo tu: kosa likitokea huku, linaonekana na kule. Hata wakubwa hupatwa. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba Myspace ilikuwa imepoteza nyimbo zilizopakiwa kati ya 2003 na 2015, na kampuni ikaeleza kuwa ilitokea wakati wa kuhamisha seva.

Dawa ipo, na ni ya zamani kiasi. Mwaka 1991 Ronald Rivest alibuni MD5, hesabu inayoipa kila faili alama ya tarakimu na herufi 32, mithili ya chapa ya kidole. Faili ikibadilika hata kidogo, alama haifanani tena. Muundo wa FLAC, uliotoka mwaka 2001, huhifadhi alama ya sauti peke yake. Hivyo lebo inaweza kurekebishwa na bado tukathibitisha kwamba sauti ni ileile.

Siku hizi idara ina seti mbili. Ya kwanza imewekwa katika hali ya kusomwa tu, kwenye diski isiyounganishwa na kompyuta ila siku ya kukaguliwa, pamoja na orodha ya alama zake iliyochapishwa kwenye karatasi. Ya pili ni ya darasani, na hiyo wanafunzi waivuruge watakavyo. Msomaji mwenye kaseti ya nyimbo za Lamu au Mombasa, yenye majina yaliyoandikwa kwa mkono, atufahamishe ofisini. Huenda mojawapo ya zile kumi na moja imo humo.