Kiporo, uchovu na mkeka: siku za mapumziko zinasema nini kuhusu Simba na Yanga?

Kwenye vibanda umiza, kuanzia Dar mpaka huku Mahege, Kibiti, hoja hii haikosi: "Simba wamecheza juzi, wamechoka, leo weka sare." Mwingine anajibu kuwa timu kubwa haichoki. Ukimfuata yeyote kati yao bila kuangalia zaidi, hela yako iko hatarini. Haya ndiyo ya kujua kabla hujabeti.

Mapumziko ni nini hasa?

Ni siku ambazo timu inapata kati ya mechi moja na nyingine. Julai 2025, FIFA ilisema mchezaji apate walau saa 72, yaani siku tatu, kati ya mechi na mechi.

Hapa kwetu kinachovuruga zaidi ni viporo. Timu ikiwa kwenye mashindano ya CAF, mechi zake za Ligi Kuu zinasogezwa mbele, halafu zinakuja kuchezwa mfululizo.

Mifano miwili

Mei 2025, Simba wakiwa wameshatinga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, walicheza viporo vinne kuanzia tarehe 2 hadi 11: Mashujaa, JKT Tanzania, Pamba Jiji na KMC. Mechi kila baada ya siku tatu. Aliyeweka "wamechoka, watapoteza" alichana mkeka mara nne, maana Simba walishinda zote. Ila tatu kati ya hizo walishinda kwa tofauti ya bao moja tu.

Geuza upande wa pili. Juni 3, 2023, Yanga walicheza Algiers mechi ya marudiano ya fainali ya kombe hilohilo dhidi ya USM Alger. Walishinda 1-0 lakini wakalikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini. Siku tatu baadaye walikuwa Mbeya, wakatoka 3-3 na Mbeya City. Ni uchovu? Huenda. Lakini Yanga walikuwa wameshabeba ubingwa, na Mbeya City walikuwa wanapigania kubaki ligi. Uchovu peke yake hauelezi kila kitu.

Kampuni nayo inaiona ratiba

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukijua Yanga wamecheza juzi, kampuni ya kubeti inajua pia, na odds zimeshapangwa kwa kuzingatia hilo. Ukiona timu kubwa imepewa odds kubwa kuliko kawaida, usikimbilie kusema kampuni imekosea. Mara nyingi hiyo ndiyo bei ya uchovu.

Maswali manne ya kujiuliza

1. Wamesafiri? Siku tatu za kukaa Dar si sawa na siku tatu zenye safari ya Kigoma au Bukoba ndani yake.

2. Nani anaanza? Kwenye besiboli ya Marekani, timu ya MLB inacheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku. Kwa hiyo anayebeti huko anaangalia zaidi mapumziko ya mrushaji anayeanza, ambaye kwa kawaida hupumzika siku nne au tano. Na kwenye soka angalia mchezaji mmojammoja. Kalenda inaweza kuonyesha Yanga wamepumzika wiki mbili, kumbe kipa kama Djigui Diarra ameitwa timu ya taifa ya Mali.

3. Wamepumzika kupita kiasi? Timu iliyokaa muda mrefu bila mechi inaweza kuanza ikiwa nzito.

4. Mechi ipo kweli? Machi 8, 2025, dabi ya Simba na Yanga iliahirishwa siku hiyohiyo, ikachezwa Juni 25. Soma masharti ya kampuni yako ujue mechi ikiahirishwa hela yako inakuwaje.

Hesabu ya buku

Chukua mkeka wa timu tano, kila moja ina odds 1.40. Ukizidisha unapata 5.38 hivi, yaani buku inarudi kama 5,380. Tuseme umechambua vizuri na kila timu ina nafasi 70 kati ya 100 ya kushinda. Zote tano kushinda kwa pamoja ni kama mara 17 tu kati ya 100.

Ukiweka mikeka 100 ya namna hiyo, umetoa 100,000. Kwa wastani itarudi kama 91,000, kabla ya kodi. Umechambua vizuri, na bado umepoteza. Kadiri unavyoongeza timu ndivyo pengo linavyopanuka.

Kwa hiyo?

Siku za mapumziko zinakusaidia kuielewa mechi, lakini hazikupi uhakika. Zitumie zaidi kujua mechi ya kuiacha: kama huna habari za kikosi wala safari, usiweke.

Kisheria kubeti ni kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, kwenye kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Na hela ya mafuta ya bodaboda au ya daftari za mtoto isiguswe, hata kama Simba wamepumzika mwezi mzima.