Kalibresheni ya dizeli: kazi yenyewe ni ipi, na kijana wa Pwani aingilie wapi?

Mzazi akisikia mwanawe anataka kusomea injini, picha inayomjia haraka ni ovaroli yenye grisi na kibarua cha kungojea gari liharibike. Picha hiyo si ya uongo, lakini imepitwa na wakati. Ndani ya fani ya dizeli kuna kazi inayofanywa kwa vipimo, hesabu na kompyuta zaidi kuliko kwa spana. Kazi hiyo ni kalibresheni. Pwani yetu ina malori ya bandarini, feri za Likoni, majahazi ya Lamu, jenereta za hoteli na mitambo ya umeme ya Kipevu na Rabai, kwa hivyo si kazi ya kuisikia kwa mbali tu.

Kalibresheni ni nini

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha mafuta hunyunyizwa na kuwaka yenyewe. Rudolf Diesel alifaulu kuionyesha injini yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka wa 1897, na kanuni hiyo haijabadilika mpaka leo.

Kila kitu basi hutegemea unyunyizaji: mafuta kiasi gani, wakati gani, na kwa presha gani. Mafuta yakizidi hewa iliyopo, moshi mweusi hutoka. Yakiingia mapema mno, injini hugonga. Yakichelewa, nguvu hupotea na mafuta huliwa bure. Kalibresheni ni kuyapima mambo hayo na kuyaweka sawa.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya pampu, ambazo Bosch ilianza kuziunda kwa wingi mwaka wa 1927. Fundi hufunga pampu kwenye mashine ya kupimia, huizungusha kwa mwendo maalumu, kisha hutazama mafuta yanavyojaa katika chupa za vipimo, moja kwa kila silinda. Hukaza au kulegeza mpaka chupa zote zilingane.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaenea mfumo wa komoni reli. Hapa pampu moja hujaza bomba la pamoja kwa presha ambayo katika injini nyingi za leo hufika baa 2,000 au zaidi, ilhali tairi la gari dogo lina baa 2 hivi. Kompyuta ya injini ndiyo inayofungua kila injekta, kwa muda mdogo sana, mara kadhaa katika mzunguko mmoja. Kompyuta hiyo husoma majedwali: upande mmoja mwendo wa injini, upande wa pili mzigo, na katika kila kisanduku nambari. Anayezitafuta nambari hizo ndiye mhandisi wa kalibresheni.

Milango miwili

Mlango wa kwanza ni chumba cha pampu na injekta. Kazi hii ipo hapa kwetu. Kenya hairuhusu kuingizwa magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8, kwa hivyo pikapu na malori ya dizeli yanayoshushwa bandarini sasa ni ya komoni reli kwa jumla. Fundi wa chumba hiki hupima injekta kwenye mashine, hubadilisha nozeli na vali, kisha hupima tena. Injekta nyingi huwa na namba yake ya siri, ambayo lazima iingizwe katika kompyuta ya gari. Ikisahauliwa, injini inaweza kutetemeka hata kama injekta ni mpya. Chumba chenyewe lazima kiwe kisafi, maana chembe ya vumbi isiyoonekana kwa jicho inatosha kuiharibu injekta.

Mlango wa pili ni wa mhandisi anayejaza majedwali ya injini mpya. Huyu hufunga injini kwenye dainamomita, mashine inayoipa mzigo wa kupimika, huku vyombo vingine vikipima moshi, gesi, joto na matumizi ya mafuta. Kisha gari hupelekwa kwenye baridi kali, kama Arjeplog kaskazini mwa Sweden, na kwenye joto la jangwani na milima mirefu.

Tusidanganyane hapa. Magari yanayounganishwa Kenya huja na majedwali yaliyojazwa kule injini zilikobuniwa. Anayetaka mlango huu atazame makampuni kama AVL ya Graz, Austria, FEV ya Aachen, Ujerumani, au Cummins, ambayo ina kituo kikubwa cha uhandisi Pune, India. Kwa familia zetu zenye mazoea na India, Pune si mbali kama inavyodhaniwa.

Kisomo

Shahada ya uhandisi wa mitambo huhitaji C+ katika KCSE, diploma C-, na cheti cha ufundi D. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa hufundisha uhandisi wa mitambo. Wazee watakumbuka kwamba chuo hicho kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, kikawa Mombasa Polytechnic mwaka wa 1972, na chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Aliyejifunzia gereji bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Mwenye diploma husajiliwa na KETRB, na mwenye shahada na Bodi ya Wahandisi, EBK.

Masomo yanayobeba kazi hii ni hesabu na fizikia. Kwa mlango wa pili ongeza takwimu na programu za kompyuta kama MATLAB, na INCA ya kampuni ya ETAS inayotumika kusoma na kubadilisha majedwali. Kijana aliyewahi kushika injekta kwa mkono wake kisha akasoma hesabu ana faida juu ya aliyesoma vitabu pekee.

Hatari na amana

Mafuta ya presha hii hutoboa ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo, lakini ndani nyama huharibika. Asisubiri kesho, aende hospitali saa ile ile na aeleze ni dizeli ya presha.

Hatari ya pili ni ya dhamiri. Septemba 2015 serikali ya Marekani ilifichua kwamba Volkswagen iliweka programu iliyotambua gari linapopimwa, likatoa gesi kidogo. Barabarani gesi chafu ilifika hadi mara 40 ya kiwango cha sheria. Magari kama milioni 11 duniani yalihusika. Mhandisi James Liang alihukumiwa kifungo cha miezi 40 mwaka wa 2017. Aliyefungwa si mkubwa wa kampuni peke yake. Ni pamoja na mtu wa kalibresheni.

Hapa kwetu jambo hilo huja kwa sura ndogo: mwenye lori anataka nguvu zaidi, anaambiwa kompyuta "itafunguliwa" na vichujio vya moshi vitolewe. Lori litavuta, lakini moshi huo huvutwa na mama anayeuza mahamri kando ya barabara. Nambari ulizoweka ni amana, ingawa yeye hazioni.

Je, dizeli haiishi?

Ulaya magari madogo ya dizeli yamepungua sana tangu 2015, na ya umeme yanakuja. Lakini meli, malori ya safari ndefu na jenereta bado hutegemea dizeli, na aliyejua kupima injini hii anaweza kuhamia gesi, haidrojeni au betri, kwa kuwa kazi ya msingi ni ile ile: kupima, kulinganisha, kurekebisha.

Kwa aliyemaliza kidato cha nne mwaka huu, hatua ya kwanza si ada kubwa. Aombe kukaa wiki mbili katika chumba cha pampu, afagie, atazame, aulize. Akirudi nyumbani na maswali ya hesabu kuliko malalamiko ya grisi, mzazi atajua pa kuipeleka karo.