Kutoka Filamu Hadi Dijitali: Kilichobaki Kwenye Mkebe

Leo naweka programu kando niwasimulie historia ya kamera. Kisa chenyewe kilianzia nyumbani.

Mama aliniomba nimtafutie picha ya harusi ya kaka yangu, ya mwaka 2004, ile ambayo marehemu baba ameketi mbele akicheka. Harusi ile ilipigwa picha kwa kamera ya dijitali, na tulijiona watu wa kisasa kwelikweli. Studio ilituchomea CD moja. Nilipoitia kwenye tarakilishi ilizunguka, ikalia, ikakataa kusomeka. Nikampigia mwenye studio, naye akaniambia diski yake ilikufa zamani na hakuwa na nakala. Basi mama akavuta mkebe wa biskuti kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na negativu za mwaka 1983, zimefungwa kwa karatasi. Ukiinua moja dirishani unamwona baba akiwa kijana, nywele nyeupe na meno meusi.

Mimi ni mtu wa programu, kwa hivyo swali lilinikera: inakuwaje teknolojia mpya ishindwe na mkebe wa biskuti?

Tuanze na filamu. Wenye umri wa kutosha mnakumbuka: picha 24 au 36, basi. Mpiga picha wa Uhuru Park au wa kivukoni Likoni hakubofya ovyo, maana kila mbofyo ulikuwa pesa. Alikupanga, akakuinua kidevu, akakuonya usipepese macho. Kisha ukaambiwa urudi siku nyingine, filamu ikishajaa na kusafishwa.

Kusafisha kulikuwa kemia. Filamu hupakwa chembechembe zenye madini ya fedha, ambazo hubadilika zikiguswa na mwanga. Mabadiliko hayo hayaonekani mpaka filamu itiwe dawa. Dawa moja hugeuza chembe zilizoguswa kuwa nyeusi, nyingine huondoa zile ambazo hazikuguswa ili picha isiendelee kuungua. Filamu ya rangi ilitaka umakini zaidi. Katika utaratibu wa C-41, uliotoka mwaka 1972, dawa ya kwanza huwa na joto la nyuzi 37.8 na filamu hukaa humo dakika 3 na sekunde 15. Ukizembea, umeharibu sherehe ya mtu.

Mwishowe unabaki na vitu viwili: picha ya karatasi na negativu. Negativu ndiyo asili. Picha ikiraruka, unarudi na negativu unatolewa nyingine.

Mtu aliyeifanya kazi hii kuwa ya kila nyumba ni George Eastman wa Rochester, New York. Mwaka 1888 alitoa kamera ya Kodak ikiwa na filamu ya picha 100 ndani. Ukimaliza, unairudisha kamera nzima kiwandani. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kwa dola moja tu. Kamera ilikuwa chambo, faida ilikuwa kwenye filamu, karatasi na dawa. Ni kama printa za siku hizi: unauziwa mashine kwa bei nafuu, kisha wino unakumaliza.

Sasa cha ajabu ni kwamba kamera ya dijitali ilizaliwa ndani ya kampuni hiyohiyo.

Mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs walibuni kitu kiitwacho CCD. Fikiria uwanja umepangwa ndoo nyingi wakati wa mvua. Mvua ikikatika, kila ndoo inamiminiwa katika jirani yake, mstari kwa mstari, mpaka pembeni ambako mtu anapima maji na kuandika namba. Mvua ndiyo mwanga, ndoo ndizo pikseli, na zile namba ndizo picha.

Mwaka 1975 mhandisi kijana wa Kodak, Steve Sasson, aliyekuwa na miaka 25, alichukua CCD akaiunganisha na lenzi iliyotolewa kwenye kamera ya sinema, betri 16 na kaseti ya kurekodia. Mzigo wote ulikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, pikseli 100 kwa 100, yaani 10,000 kwa jumla, na kuiandika kwenye kaseti kulichukua sekunde 23.

Wenzangu wa programu mtaipenda hii. Picha ya kwanza ya mtu ilipotokea kwenye televisheni, nywele zilionekana na ukuta ulionekana, lakini uso ulikuwa vurugu tupu. Shida ilikuwa biti kupangwa kinyumenyume. Nyeusi kabisa ni sifuri tupu na nyeupe kabisa ni moja tupu, kwa hivyo hata ukizigeuza hazibadiliki. Rangi za katikati ndizo zinazovurugika. Walibadilisha nyaya, uso ukatokea.

Kuna jambo jingine. Kaseti ile ingeweza kubeba picha nyingi, lakini Sasson aliweka kikomo cha 30. Kwa nini? Kwa sababu watu walizoea 24 na 36, naye akachagua namba iliyo katikati. Mashine ilikuwa mpya, lakini ilibeba tabia ya filamu. Shikilia hilo, tutalirudia.

Wakubwa wake waliuliza nani angetaka kutazama picha zake kwenye televisheni, na lini kitu hiki kingeishindania filamu. Alikisia miaka 15 hadi 20. Hakukosea sana. Mwaka 1991 Kodak yenyewe ilitoa DCS, mwili wa Nikon F3 wenye kihisi cha megapikseli 1.3, na sanduku la diski la kubeba begani. Miaka ya 2000 dijitali ikafika kwa watu wa kawaida. Kodachrome, filamu ya rangi iliyoanza mwaka 1935, iliachwa kutengenezwa 2009. Januari 2012 Kodak ikaomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kufilisika.

Wengi husema Kodak walilala. Si kweli kabisa, maana waliuza kamera nyingi za dijitali. Ila kamera huuzwa mara moja, na haihitaji filamu wala dawa. Baadaye simu ikachukua hata hiyo kamera.

Sasa turudi kwenye mkebe. Dijitali ilirithi mengi kutoka kwa filamu: namba za ISO, mlio wa kubofya tunaousikia kwenye simu, hata vifaa vya Photoshop vya kung'arisha na kutia giza, vilivyoigwa kutoka chumba cha giza. Sisi watumiaji tulirithi kitu kibaya zaidi: mazoea ya kuweka nakala moja mahali pamoja. Negativu iliyavumilia mazoea hayo. Ikikaa pakavu, hata baada ya miaka 40 unaisoma kwa jicho na mwanga wa dirisha. Faili inahitaji diski nzima, mashine ya kuisoma na programu inayoielewa. CD za kuchoma hutunza data kwenye rangi inayoweza kufifia, na kiungo kimoja kikikatika, umekosa zote.

Lakini tusiilaumu dijitali bure. Negativu hushika ukungu na kuungua, na ukiinakili ubora unapungua. Faili unaweza kuinakili mara 1,000 na ya mwisho ikawa sawasawa na ya kwanza. Hiyo ndiyo nguvu ambayo filamu haikuwahi kuwa nayo, na mwaka 2004 nyumbani kwetu hakuna aliyeitumia, mimi nikiwemo, na kazi yangu ni tarakilishi.

Nimeziskani negativu zote za mkebe. Nakala moja iko kwangu, moja kwenye diski ya nje kwa kaka, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Negativu zenyewe zimerudi mkebeni. Picha ya harusi haijapatikana. Mama alichagua moja ya 1983, nikaichapisha, naye akaitundika sebuleni mahali alipokuwa amepanga kuweka ile nyingine.

Wewe je, CD zako za miaka ile ulizitia kwenye mashine lini mara ya mwisho? Zijaribu leo jioni.