Kezilahabi na Mamlaka ya Kiswahili cha Kifasihi: Mtazamo kutoka Kasulu na Kibondo

Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto miaka ya 1970 umezoeleka kuelezwa kama ugomvi wa vina na mizani. Maelezo hayo hayabainishi kwa nini athari ya Euphrase Kezilahabi (1944–2020) imedumu hata baada ya ugomvi wenyewe kupoa. Makala haya yanadai kuwa kilichodumu zaidi ya umbo la shairi huru ni swali alilolizusha: nani ana mamlaka ya kuamua Kiswahili cha kifasihi kiweje? Uzito wa swali hilo hudhihirika likitazamwa kutoka nyanda za juu za Kigoma.

Mkoa huo una historia mbili za Kiswahili. Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikipokea katika karne ya 19 kupitia misafara ya biashara. Huko ndiko alikozaliwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 kiliratibu sheria za utunzi. Kasulu na Kibondo, kwa upande mwingine, zilikipata zaidi kupitia shule, utawala na umanamba katika mashamba ya mkonge, huku Kiha kikibaki lugha ya nyumbani. Kwa hiyo, mgawanyo wa pwani na bara hautoshi. Mpaka unapita ndani ya mkoa mmoja, kati ya waliopokea lugha pamoja na kanuni zake za utunzi na waliopokea lugha peke yake.

Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, alitoka katika kundi la pili. Diwani yake ya Kichomi (1974) ilitetea lugha ya kila siku kuwa lugha halali ya ushairi. Wapinzani waliona humo mwigo wa Ulaya. Hata hivyo, Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, lugha ambazo ushairi wake wa sifa na majigambo hautegemei vina vya mwisho. Mulokozi na Kahigi walipoiita diwani yao Malenga wa Bara (1976), jina lenyewe lilikuwa hoja.

Uasi wake haukuishia kwenye umbo. Rosa Mistika (1971) ilipigwa marufuku shuleni, na Gamba la Nyoka (1979) ilihoji uhamishaji wa watu katika vijiji vya ujamaa. Kwa wasomaji wa Kasulu na Kibondo, maeneo yaliyopitiwa na Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, riwaya hiyo inagusa historia ya nyumbani. Baadaye Nagona na Mzingile zilivunja mfuatano wa masimulizi, na njia hiyo ikapanuliwa na kazi kama Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila.

Leo shule zimemkubali muasi huyu, lakini kwa masharti. Shairi huru hufundishwa kama shairi "lisilofuata" urari wa vina na mizani. Fasili hiyo inampa mwanafunzi wa Kasulu kipimo kilekile ambacho Kezilahabi alikikataa, na kumfanya aione kazi hiyo kwa upungufu wake. Ufundishaji unaoanza na ushairi wa Kiha, kisha ukaendelea na Kichomi, ungelirejesha swali la mamlaka mahali pake.