Herufi Mbili katika Majina ya Mbegu za Pamba

Miongozo ya kilimo ni maandishi makavu, wala waandishi wake hawakukusudia kumchekesha mtu. Lakini mkulima wa Bariadi akutapo mbegu zake zimeandikwa UK82 au UK91 ana haki ya kutabasamu. Tarakimu 82 ni za mwaka 1982, miaka 21 baada ya uhuru, na herufi zile mbili ndizo Waingereza wafupishiazo jina la nchi yao. Je, mtawala alikwenda zake akaiacha pamba yake nyuma? Sivyo. UK ni Ukiriguru, kituo cha uchunguzi kilichomo Usukumani kwenyewe, upande wa Mwanza, ambako mbegu hizo zilizalishwa. Mzaha huu haukupangwa na mtu, wala haukukoma: mbegu ya mwaka 2008 iliitwa UKM08. Nami nauona una uchungu kidogo, maana ufupisho umempa mgeni sifa ya mwenyeji, tena katika Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 na ambao umekuwa ukiongoza nchini kwa zao hili. Sokoni hakuna fumbo: pamba ni safi au fifi, na kila muuzaji huelewa mara moja.