Wahandisi Wanavyokagua Nyumba za Matofali Mabovu ya Saruji nchini Ayalandi

Maelfu ya nyumba za makazi katika kaunti za Donegal na Mayo, magharibi na kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, zimepata nyufa na kudhoofika kuta kutokana na matofali ya saruji yaliyotengenezwa kwa kokoto zisizofaa. Nyingi kati ya nyumba hizo hazikuwa kuukuu. Zilijengwa katika kipindi cha kustawi kwa ujenzi kabla ya mwaka 2008. Kazi ya kubaini nyumba ipi itengenezwe na ipi ibomolewe imewaangukia wahandisi wa ujenzi, na uamuzi wao umekuwa na uzito mkubwa kwa familia zinazoishi humo.

Chanzo cha tatizo

Mwaka 2016 Serikali ya Ayalandi iliunda jopo la wataalamu kuchunguza suala hilo. Katika taarifa yake ya mwaka 2017, jopo lilieleza kuwa sababu kuu ya uharibifu Donegal ni wingi wa madini ya ulanga, yaani maika, ndani ya kokoto, na kwamba Mayo tatizo kubwa ni piriti, madini yenye chuma na salfa. Ulanga ukizidi huzuia saruji kushikamana vizuri, hivyo tofali hubaki dhaifu na hunyonya maji kwa urahisi.

Utafiti uliofuata ulibadili sura ya suala hili. Mwaka 2023 watafiti wa Uswisi na Ayalandi Kaskazini walichapisha matokeo yaliyoonesha kuwa katika sampuli za Donegal mhusika mkuu ni pirotaiti, aina nyingine ya madini ya chuma na salfa. Madini haya yakikutana na unyevu na hewa huoksidika na kutoa tindikali ya salfa. Salfeti zinazotokana na mchakato huo hushambulia saruji kutoka ndani: hutengeneza fuwele zinazovimba na kulipasua tofali, na mwishowe hugeuza saruji iliyokuwa imara kuwa kitu laini kinachomomonyoka mkononi.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa mhandisi. Tofali dhaifu kwa sababu ya ulanga linaweza kulindwa kwa kiasi fulani likizuiliwa lisipate maji. Tofali lenye pirotaiti linajiharibu lenyewe, na unyevu mdogo ulio ndani ya ukuta unaweza kutosha kuendeleza uharibifu.

Kusoma nyufa

Ukaguzi hufuata kiwango cha kitaifa cha I.S. 465, kilichotolewa mwaka 2018. Mhandisi huanza kwa kuzunguka nyumba nje na ndani, akipima upana wa nyufa, kuzichora kwenye ramani ya kila ukuta na kuzipiga picha. Nyumba nyingi za eneo hilo zina kuta za matabaka mawili yenye nafasi katikati. Tabaka la nje hupokea mvua na upepo wa Bahari ya Atlantiki, na la ndani hubeba sehemu kubwa ya uzito wa sakafu na paa.

Si kila ufa unatokana na tofali bovu. Msingi uliotitia huacha nyufa za mshazari, mara nyingi karibu na madirisha na milango. Lipu iliyokauka haraka hupasuka juu juu tu. Nyufa zinazotia shaka zaidi ni zile zinazosambaa kama utando kwenye lipu, zinazofunguka kwa wima kwenye pembe za nyumba, au zinazojitokeza kwenye bomba la moshi na kuta za ubavuni zinazopigwa na mvua. Lipu ikibanduliwa mahali hapo, tofali huweza kukwanguliwa kwa bisibisi au hata kwa kidole.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba hizi, kuziba ufa kwa lipu mpya na rangi hakuzuii ukuta kuharibika. Huficha ushahidi ambao mhandisi anauhitaji.

Sampuli na maabara

Macho pekee hayatoshi. Sampuli za mche duara hukatwa kwa mashine kutoka tabaka la nje, tabaka la ndani na sehemu ya ukuta iliyo chini ya sakafu. Maabara hupima nguvu ya tofali na kiasi cha salfa, na wanajiolojia huchunguza vipande vyembamba vya mwamba kwa hadubini ili kutambua madini yaliyomo.

Matokeo hayatoi jibu jepesi kila mara. Nyumba moja inaweza kuwa na matofali ya mizigo tofauti, hivyo ukuta mmoja ukaonekana mzima na wa pili ukawa umeoza. Tofali la tabaka la ndani linaweza kuwa na nguvu ya kuridhisha siku ya kupimwa, ilhali lina madini yaleyale yaliyoharibu tabaka la nje.

Uzito wa uamuzi

Baada ya vipimo, mhandisi hupendekeza njia moja kati ya tano. Ya kwanza ni kubomoa nyumba yote hadi kwenye msingi na kuijenga upya. Ya tano ni kubadilisha tabaka la nje kwenye kuta zilizoathirika pekee. Kati ya hizo zipo njia za kubomoa kuta zote za nje kwa viwango mbalimbali.

Hapa ndipo penye ugumu. Akipendekeza kubomoa nyumba ambayo ingeweza kuokolewa, familia huhama bila sababu na fedha za umma hupotea. Akipendekeza kubadilisha tabaka la nje pekee, naye akawa amekosea, familia itarudi katika nyumba ambayo kuta zake za ndani zitapasuka miaka kadhaa baadaye. Wamiliki wengi wamepinga matengenezo ya sehemu kwa hofu hiyo. Ndiyo maana taarifa ya mhandisi hutakiwa kueleza sababu za kila pendekezo, pamoja na ushahidi uliolithibitisha.

Msaada wa Serikali

Mpango wa kwanza wa ruzuku, ulioanza mwaka 2020, uligharimia asilimia 90 ya matengenezo, lakini mmiliki alilazimika kutanguliza maelfu ya euro kwa ajili ya vipimo. Baada ya maandamano makubwa jijini Dublin mwaka 2021, sheria mpya ilipitishwa mwaka 2022, na mpango ulioboreshwa ukaanza mwaka 2023 kwa kiwango cha juu cha euro 420,000 kwa nyumba, ambacho baadaye kiliongezwa kwa asilimia 10. Kaunti za Clare, Limerick na Sligo nazo zimejumuishwa.

Chini ya mpango huo, mmiliki huwasilisha taarifa ya awali ya hali ya jengo, kisha wakala wa makazi wa Serikali huteua wahandisi wa kuchukua sampuli. Asiyeridhika na uamuzi ana haki ya kukata rufaa. Aidha, kwa nyumba ambazo hazikubomolewa zote, sheria inaruhusu ruzuku ya pili ndani ya miaka 40 endapo matofali yaliyobakizwa yatathibitika kuwa mabovu.

La kuzingatia

Tofali lenye pirotaiti huonekana sawa na jingine siku linapotoka kwenye kalibu, na huweza kufaulu kipimo cha nguvu. Kasoro yake iko katika mwamba uliopasuliwa kuwa kokoto, na hugunduliwa kwa urahisi zaidi machimboni kuliko ukutani. Kwa mnunuzi wa matofali, swali la kwanza ni kokoto zilitoka wapi na nani alizipima. Kwa mwenye nyumba iliyokwisha kupasuka, hatua ya kwanza ni kumwita mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kumwita fundi wa lipu.