Mafundi Bastola Wasiovuma: Namna Ustadi Unavyotambulika Nchini Marekani

Mwaka 1977, katika mji mdogo wa Berryville, jimbo la Arkansas nchini Marekani, fundi saa aitwaye Bill Wilson alianza kutengeneza bastola katika chumba cha nyuma cha duka la sonara la familia yake. Leo karakana iliyozaliwa humo, Wilson Combat, ni miongoni mwa zinazotajwa mwanzo kila panapozungumzwa bastola zinazotengenezwa kwa agizo la mteja mmoja mmoja.

Historia hiyo inakumbusha kuwa majina makubwa ya kazi hii yaliwahi kuwa majina yasiyojulikana. Hata sasa, wapo mafundi hodari wanaofanya kazi peke yao katika miji midogo, bila matangazo wala duka la mbele. Swali linalomkabili mteja ni namna ya kumtambua fundi wa aina hiyo, na kumtofautisha na mtu mwenye tupa, mashine na maneno matamu.

Swali hilo si la anasa. Bastola iliyorekebishwa vibaya yaweza kufyatuka inapoanguka, au kutoa risasi zaidi ya moja kwa mvuto mmoja wa kifyatuo. Anayedhurika kwa kosa hilo si lazima awe mwenye silaha.

Chimbuko la kazi

Sehemu kubwa ya ufundi huu nchini Marekani imejengwa juu ya bastola moja, M1911, iliyobuniwa na John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden, jimbo la Utah, ambaye baba yake pia alikuwa fundi wa silaha. Katika majaribio ya mwisho ya mwezi Machi 1911, bastola hiyo ilifyatua risasi 6,000 bila kukwama. Jeshi la Marekani liliipokea mwezi huohuo, na ikabaki kuwa bastola yake rasmi hadi mwaka 1985.

Bastola ya jeshi hutengenezwa ili ifanye kazi katika tope na vumbi, na ili vipuri vya moja vitumike katika nyingine. Kwa sababu hiyo vipuri vyake huachiwa nafasi kidogo baina yao. Nafasi hiyo, ambayo ni faida vitani, ni hasara kwa mlenga shabaha, kwa kuwa mtutu haurudi mahali palepale baada ya kila risasi.

Hitaji la kuondoa hasara hiyo ndilo lililozaa mafundi wa bastola maalumu. Katika mashindano ya taifa yanayofanyika Camp Perry, jimbo la Ohio, tangu mwaka 1907, washindani wa bastola kwa desturi hulenga kwa mkono mmoja. Katika mashindano ya bastola ya desturi hiyo, duara la alama kumi kwenye shabaha ya umbali wa takribani mita 46 lina upana wa takribani sentimita 8.5 tu. Jim Clark wa Louisiana, aliyetwaa ubingwa wa taifa wa bastola mwaka 1958, alikuwa mlengaji na fundi kwa pamoja. Huko California, Armand Swenson alijulikana kwa kuigeuza bastola ya kijeshi kuwa chombo kinachomtii mtumiaji wake. Mwaka 1976, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa kasi, IPSC, lilipoundwa katika mji wa Columbia, Missouri, soko la kazi hiyo lilipanuka zaidi.

Kazi ya mkono

Thamani ya bastola maalumu haiko katika nakshi. Iko mahali pasipoonekana kwa urahisi.

Fundi huanza kwa kuoanisha slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapofyatuliwa, na fremu inayoibeba. Husugua chuma kidogo kidogo, akijaribu na kusugua tena, hadi slaidi iteleze kwa ulaini bila kuchezacheza. Kisha huufunga mtutu mpya kwa namna ambayo utashikwa imara pale pale kila mara slaidi inapojifunga. Chuma kikiondolewa kupita kiasi hakirudi, na kipuri chenye thamani hugeuka chakavu.

Hatua nyeti zaidi ni kifyatuo. Uzito wake hutegemea nyuso mbili ndogo za chuma zinazoshikana: ukingo wa kinyundo na kishikizo kinachokizuia. Fundi akizilainisha kwa pembe sahihi, mvuto huwa mwepesi na safi. Akikosea pembe, au akiondoa tabaka gumu la juu la chuma, kishikizo hukosa mshiko na silaha huwa hatari. Ndiyo maana hata kanuni za mashindano ya kulenga shabaha ya desturi nchini humo huweka kiwango cha chini cha uzito wa kifyatuo, takribani kilo 1.6 kwa bastola ya kaliba .45.

Baada ya hapo hufuata kurekebisha kulabu inayovuta maganda, kufunga vilengeo, kuchonga mistari ya mshiko mbele ya mpini na kulinda chuma dhidi ya kutu. Mistari hiyo huchongwa 20, 25 au 30 kwa kila inchi, na mingi bado huchongwa kwa tupa. Mstari mmoja ukipinda, jicho la mjuzi huuona mara moja.

Leseni haipimi ustadi

Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya Marekani ya mwaka 1968, mtu anayefanya biashara ya kutengeneza au kukarabati silaha lazima awe na leseni ya shirikisho, inayotolewa na taasisi iitwayo kwa kifupi ATF. Silaha inayolala katika karakana yake huandikwa katika daftari la kupokea na kutoa, ikitambulishwa kwa namba yake. Orodha ya wenye leseni huchapishwa hadharani, na uhalali wa leseni waweza kuhakikiwa.

Hata hivyo, leseni hiyo humpima mtu mbele ya sheria. Haimpimi mbele ya benchi la kazi. Hakuna mtihani wa serikali ya shirikisho unaomtaka fundi aoneshe kuwa anaweza kuoanisha mtutu au kurekebisha kifyatuo. Hali hiyo ni tofauti na baadhi ya nchi za Ulaya, ambako silaha hupitishwa katika nyumba maalumu za majaribio, kama zile za London, Birmingham na Liège, na kupigwa mhuri kabla ya kuuzwa. Marekani haina sharti kama hilo kisheria.

Kwa hiyo kutokuwapo kwa leseni kunatosha kumkataa fundi, lakini kuwapo kwake hakutoshi kumkubali.

Mahali pa kumtafuta

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika kazi hii msemo huo una ukweli, lakini kizuri hujiuza kwa wale tu waliopo mahali kinapoonekana.

Mahali pa kwanza ni uwanja wa mashindano. Katika mashindano ya wilaya na majimbo hupatikana bastola ambazo zimefyatua makumi ya maelfu ya risasi mikononi mwa watu wasiolipwa na kampuni yoyote. Jina la fundi mmoja likirudiwa na washindani kadhaa wasiojuana, hilo ni ushahidi mzito kuliko tangazo. Inafaa pia kuuliza ni fundi yupi hurekebisha bastola zilizoharibiwa na wengine, kwani kazi hiyo hupelekwa kwa anayeaminika.

Mahali pa pili ni ukoo wa ufundi. Wanagenzi waliokaa miaka mingi katika karakana kubwa mara nyingi huondoka na kuanzisha zao, wakiwa na mikono ileile iliyokuwa ikitengeneza bastola zilizouzwa kwa jina la mwingine. Vivyo hivyo mafundi wa Kitengo cha Ulengaji Shabaha cha Jeshi la Marekani, kilichoundwa mwaka 1956, wamezoea kuandaa silaha za mabingwa. Baadhi yao huendelea na kazi hiyo baada ya kustaafu.

Mahali pa tatu ni vyuo. Chuo cha Trinidad, jimbo la Colorado, kimefundisha ufundi wa silaha tangu mwaka 1947. Walimu huwafahamu wahitimu wao, na huweza kueleza nani ana subira na nani ana haraka. Chama cha mafundi bastola wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1977, nacho ni njia ya kuwafikia watu ambao kazi zao zinafahamika kwa wenzao.

Namna ya kumpima

Mteja makini huomba kuona kazi, na huomba kuona ya zamani pamoja na mpya. Bastola iliyotoka karakanani jana huonesha mng'aro. Ile iliyotumika miaka mitano huonesha kama slaidi bado imeshika na kama kifyatuo hakijabadilika.

Pili, humtaka fundi aeleze mpangilio wa kazi yake na namna anavyojaribu usalama kabla ya kumrudishia mwenye silaha. Fundi mzuri hueleza bila kusita jinsi anavyohakikisha kuwa vizuizi vyote vya usalama vinafanya kazi, na bastola hufyatuliwa risasi za kutosha kabla ya kukabidhiwa. Anayejibu kwa hasira au kwa mafumbo amejieleza tayari.

Tatu, humuuliza asichokifanya. Ufundi huu ni mpana, na aliyebobea katika M1911 huenda asiguse bastola za fremu ya plastiki. Anayekubali kila kazi, anayeahidi kifyatuo chepesi kupita kiasi kwa bastola ya kubebwa kila siku, au anayekubali kuondoa kizuizi cha usalama kwa sababu tu mteja ametaka, hafai. Na yeyote anayedokeza kuwa yuko tayari kugusa namba ya utambulisho wa silaha anafanya jinai, na mteja anapaswa kuondoka.

Makubaliano na subira

Kwa kuwa fundi asiyevuma mara nyingi yuko peke yake, foleni yake huweza kuchukua miezi mingi, na wakati mwingine zaidi ya mwaka. Makubaliano ya maandishi huwalinda wote wawili. Yaeleze kazi itakayofanywa, vipuri vitakavyotumika, malipo ya awali, makadirio ya muda, na nani atabeba gharama iwapo kipuri kitaharibika. Ni busara pia kuanza na kazi ndogo, kama kufunga vilengeo, kabla ya kumkabidhi mtu bastola nzima.

Sheria ya shirikisho huruhusu mwenye silaha kuituma moja kwa moja kwa fundi mwenye leseni na kurudishiwa yeye mwenyewe baada ya matengenezo, mradi sheria za jimbo lake hazikatazi. Kuitoa silaha nje ya nchi ni jambo jingine, linalohitaji vibali vya nchi inayotoa na nchi inayopokea.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Mazingira ya kisheria ya ukanda huu ni tofauti. Nchini Tanzania, umiliki, biashara na matengenezo ya silaha za kiraia husimamiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Nchi za ukanda huu pia zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayotaka silaha ziwekwe alama na kumbukumbu zitunzwe. Mwenye kibali hana ruhusa ya kumpelekea silaha yake fundi yeyote wa mtaani, hata kama hitilafu ni ndogo.

Hata hivyo, funzo linalotokana na karakana za Marekani linavuka mipaka. Sheria huhakikisha kwamba silaha na fundi vinajulikana. Ustadi huthibitishwa na kazi inayoweza kuonekana, kupimwa na kurudiwa. Mwenye silaha anawajibika kuvitafuta vyote viwili, kwa sababu chuma kilichosuguliwa kimakosa hakimwonyi mtu kabla ya kufyatuka.